Usukani wa Tambarare Kwenye Milima ya Chai

Kabianga, katika nchi ya chai ya Kericho, Kenya, haina tambarare. Anayetoka mjini Kericho, ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hushuka bonde, huvuka kijito, hupanda kilima cha chai, kisha huanza kushuka tena. Mvua huku hunyesha karibu kila mwezi, mara nyingi alasiri, na njia za udongo mwekundu zinazopita katikati ya mashamba huwa na utelezi wakati ule ule mkulima anapokimbiza majani mabichi kwenye kituo cha kupimia. Katika nchi ya namna hii, kifaa kinachoamua gurudumu la mbele lielekee wapi si jambo dogo. Hata hivyo, baiskeli ambayo vijiji vya Kenya vimeizoea kuliko zote, Black Mamba, ilikuja na usukani uliobuniwa kwa ajili ya nchi nyingine kabisa.

Ni ule usukani wa chuma unaopinda kurudi nyuma, viganja vya mwendeshaji vikitazamana karibu na mapaja yake. Waingereza waliuita North Road, kwa jina la klabu ya waendesha baiskeli iliyoanzishwa London mwaka 1885. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham iliueneza katika makoloni pamoja na baiskeli zake nyeusi, na baada ya uhuru viwanda vya Asia, kama Hero cha Ludhiana nchini India na Phoenix cha Shanghai, vikaendelea kuuza umbo lile lile. Fremu ilibaki vile vile, magurudumu ya inchi 28 yakabaki, na usukani nao ukabaki. Aliyenunua hakuulizwa anakaa wapi wala anabeba nini.

Mahali pake usukani huo ni mzuri sana. Anayeushika huketi wima, mgongo haujikunji, macho yanaona mbali, na uzito wa mwili hutua juu ya kiti badala ya kulemea viganja. Mpakani Busia, ambako vijana walianza kubeba abiria kwa baiskeli miaka ya 1960, hapakuwa na sababu ya kutafuta usukani mwingine. Abiria aliketi kwenye mto juu ya kariya, barabara ilikuwa karibu sawa, na safari ilikuwa ya kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine. Katika tambarare za Kano, ukielekea Kisumu, hali ni hiyo hiyo. Black Mamba ilijipatia heshima yake huko, na haki yake isipunguzwe.

Tatizo huanza barabara inapoinuka. Mwendeshaji ameketi nyuma, gunia la majani liko nyuma zaidi, na kilima nacho kinavuta uzito wote urudi nyuma. Gurudumu la mbele hubaki jepesi, likayumba kulia na kushoto kila pedeli inapokanyagwa. Akitaka kusimama juu ya pedeli ili atumie uzito wa mwili wake, magoti hukaribia ncha za usukani na mikono haina pa kuvutia, kwa maana vishikio viko ubavuni mwake, si mbele yake. Kwa hiyo hushuka na kusukuma. Wengine husema hiyo ni hali ya milima tu, haina dawa. Sehemu ni kweli: hakuna usukani utakaoondoa mlima kati ya Kabianga na Kericho, na baiskeli yenye gia moja itasukumwa kwenye mwinuko mkali hata ikifungwa usukani wa dhahabu. Lakini vilima vingi vya nchi ya chai si vikali kiasi hicho. Ni vile ambavyo mtu mwenye nguvu za kawaida angevimaliza akiwa juu ya kiti kama mwili wake ungekaa mbele kidogo tu.

Kwa wakazi wengi wa Kabianga, Litein na vilima vya Bomet wanaotumia baiskeli kwa kazi, usukani unaofaa ni mpana, ulio karibu kunyooka, wenye mpindo mdogo wa kurudi nyuma, uliofungwa kwa kimo kinacholingana na kiti au kukizidi kidogo. Lakini hakuna anayepaswa kuubadilisha huo wa zamani bila kubadilisha breki siku hiyo hiyo. Katika shauri hili la pili ndipo penye hatari, na ndilo linaloachwa nyuma mara nyingi.

Upana kwanza. Usukani mpana ni wenzo mrefu. Kokoto inapoligeuza gurudumu la mbele, mikono iliyo mbali na katikati hulirudisha kwa nguvu kidogo. Mafundi wa Goma, mashariki mwa Kongo, walilijua hili bila kitabu. Chukudu yao, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli wala kiti, hushushwa kwenye miteremko ya Virunga ikiwa na mizigo ya mamia ya kilo za viazi, makaa na mbao. Usukani wake ni gogo refu lililokaa juu na kutanuka pande zote mbili. Mzigo mkubwa kiasi hicho haungeweza kuongozwa kwa usukani mwembamba. Goma imeipa chukudu sanamu katikati ya mji, na inastahili.

Mbebaji wa mzigo kilimani, huko Goma na hapa Kabianga, husafiri sehemu ya njia kwa miguu akisukuma. Hapo usukani huwa mpini wa mkokoteni. Mkono mmoja huushika na mwingine husukuma kiti au gunia. Usukani uliopinda sana kurudi nyuma humfaa anayesukuma, kwani kishikio kinakuja karibu na mkono wake, ilhali ulionyooka kabisa humlazimisha kujinyoosha mbele na kutembea upande upande. Hii ndiyo sababu ya kupendekeza mpindo mdogo badala ya chuma kilichonyooka kabisa kama kile cha baiskeli nyingi za milimani zinazoingia katika mitumba. Mwenye kubeba maziwa kila asubuhi na mwenye kwenda darasani katika Chuo Kikuu cha Kabianga akiwa na begi mgongoni hawana sababu ya kushika chuma cha umbo moja. Mwanafunzi anaweza kutumia kilichonyooka, akakishusha kidogo, na akafurahia wepesi wake. Mbebaji maziwa akifanya vivyo hivyo atalalamika mabega kabla ya wiki kwisha.

Na usukani wa mbio, ule unaopinda kwenda mbele kisha chini? Vijana wengi huupenda, na mapenzi hayo yana msingi. Unampa mwendeshaji mahali patatu pa kushika: juu karibu na shingo inayoushika usukani katikati, mbele juu ya mikono ya breki, na chini kwenye mpindo. Anapopanda hushika mbele, mwili ukaegemea gurudumu la mbele. Anaposhuka hushika chini, vidole vikapata nguvu kamili ya kuvuta breki. Mashindano ya Migration Gravel Race, yaliyoanza mwaka 2021 na kupita katika njia za vumbi na mawe za nchi ya Maasai Mara, yanaonyesha kwamba usukani wa namna hiyo unaweza kuhimili barabara mbovu. Team Amani, timu ya Afrika Mashariki ambayo Suleiman Kangangi aliiongoza hadi alipofariki katika ajali ya mashindano huko Vermont, Marekani, mwezi Agosti 2022, imejenga jina lake juu ya njia za aina hiyo. Sukani nyingi za mbio hizo hutanuka zaidi kadiri zinavyoteremka, ili mwendeshaji apate upana anapouhitaji.

Lakini mpanda mashindano hana gunia nyuma yake. Breki zake zimechaguliwa pamoja na usukani, matairi yake ni mapana, na baiskeli imepimwa kwa mwili wake. Kijana anayechukua usukani huo kutoka kwenye rundo la mitumba na kuufunga kwenye fremu ya milimani amepata umbo bila kupata mambo yaliyoliwezesha.

Hapo ndipo inapofaa kuzungumzia breki kwa kirefu.

Black Mamba ya kawaida haina waya wa breki. Mikono ya breki imeshikana na usukani wenyewe, na kutoka hapo fito za chuma hushuka hadi kwenye magurudumu, zikivuta raba kwenda juu ndani ya rimu. Katika nyingi za baiskeli hizo, usukani na shingo yake ni kitu kimoja kilichounganishwa kiwandani kwa moto. Haiwezekani kulegeza nati moja, kuchomoa chuma kimoja na kuingiza kingine. Anayeondoa usukani anaondoa shingo na mfumo wote wa breki. Asipoweka breki nyingine, amebaki na baiskeli ya kilo 20 hivi, pamoja na mwili wake na gunia, isiyo na kitu cha kuisimamisha isipokuwa soli ya kiatu. Kwenye mteremko wa chai uliolowa hilo ni jambo la kutisha, na fundi yeyote anayekubali kuikabidhi baiskeli kwa mteja ikiwa katika hali hiyo amefanya kosa hata kama mteja ndiye aliyeomba.

Rimu nazo zina neno. Zile za breki za fito zimetengenezwa zisuguliwe kwa ndani, upande wa spoki, na kuta zake za pembeni ni za mviringo. Breki za waya hubana rimu ubavuni, na ubavu wa mviringo haubaniki vizuri. Kwa hiyo, mtu anayetaka kuiundia fremu ya zamani usukani mpya ana njia mbili za kweli: kubadilisha magurudumu pia, au kufunga gurudumu la nyuma lenye breki ya ndani ya ekseli inayokanyagwa kwa kurudisha pedeli nyuma. Njia ya pili inastahili kuangaliwa zaidi kuliko inavyoangaliwa sasa.

Baiskeli ya Buffalo imeifuata njia hiyo. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 na F.K. Day na mkewe Leah Missbach Day, liliibuni kwa ajili ya vijiji vya Afrika, na nchini Kenya huunganishwa Kisumu, safari ya saa chache kutoka Kericho. Kariya yake imekusudiwa kubeba kilo 100. Kwa muda mrefu breki yake imekuwa hiyo ya kurudisha pedeli nyuma: hakuna waya, hakuna fito, hakuna raba ya kulowa mvua. Usukani wake kwa hiyo uko huru. Fundi anaweza kuubadilisha na kuweka mpana zaidi kwa kulegeza boliti chache, na breki isijue kilichotokea. Kasoro yake ni kwamba breki moja ya nyuma haitoshi kwa mteremko mrefu wenye mzigo. Uzito wote unapokwenda mbele, gurudumu la nyuma huwa jepesi na huburuzika. Kwa hiyo hata mwenye Buffalo, akikaa Kabianga, atafanya vyema kuongeza breki ya mbele ya waya wakati anapobadilisha usukani.

Kwa baiskeli za mitumba, ambazo tayari zina waya, makosa ni ya namna nyingine. Unene wa bomba la usukani mnyoofu mahali pa kushikia ni milimita 22.2, na wa usukani wa mbio ni milimita 23.8. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho, lakini mkono wa breki wa usukani mmoja hauingii kwenye mwingine. Fundi asiyejua hupanua pete yake kwa bisibisi mpaka iingie, na pete iliyopanuliwa hivyo huja kuteleza siku ya dharura. Katikati, pale shingo inapoushika usukani, nako kuna vipimo vyake: nyingi za zamani ni milimita 25.4 na nyingi za sasa ni 31.8. Kujazia nafasi kwa kipande cha mkebe wa bati kumefanya sukani nyingi kuzunguka mikononi mwa wenyewe.

Kosa lililo baya zaidi halionekani kabisa baiskeli ikiwa imesimama. Breki za mikono mirefu zinazobana rimu kutoka pande mbili, ambazo ziko kwenye baiskeli nyingi za milimani za kuanzia miaka ya 1990, zinahitaji waya uvutwe urefu mwingi. Mikono ya breki ya usukani wa mbio huvuta urefu mfupi. Ukiviunganisha, mkono wa breki hufika hadi kwenye usukani kabla raba hazijabana sawasawa. Fundi huzungusha gurudumu hewani, huvuta, gurudumu husimama, na kazi huhesabiwa imekwisha. Gurudumu linalozunguka hewani halina mtu juu yake. Kazi hiyo ipimwe kwa baiskeli kushushwa kwenye kilima kifupi, kwa mwendo wa polepole, kabla ya pesa kutolewa.

Jambo jingine ni mkono upi unavuta breki ipi. Kenya ilirithi desturi ya Uingereza ya kuweka breki ya mbele mkono wa kulia. Baiskeli zilizotumika Uholanzi, Ujerumani au Marekani huja na breki ya mbele upande wa kushoto. Mtu aliyezoea Black Mamba tangu utotoni huvuta kushoto kwa nguvu akidhani anagusa ya nyuma, na baiskeli humrusha juu ya usukani. Kugeuza waya hizo ni kazi ndogo sana wakati usukani umefunguliwa. Ifanyike siku hiyo, na mwenye baiskeli aambiwe.

Historia ya mbio za baiskeli imejaa watu waliobadilisha usukani wakashinda, nayo hueleza kwa nini jambo hili limewavutia wengi. Mwaka 1989 Greg LeMond wa Marekani aliingia siku ya mwisho ya Tour de France akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. Zilibaki kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, kila mtu peke yake dhidi ya saa. LeMond alikuwa amefunga vyuma vya kuegemea vilivyoelekea mbele, vilivyobuniwa na mwalimu wa kuteleza kwenye theluji, Boone Lennon, na mikono ya LeMond ikakaa pamoja mbele ya kifua na kuukata upepo. Alishinda mashindano yote kwa sekunde 8. Miaka minne baadaye, tarehe 17 Julai 1993, Mskoti Graeme Obree alikwenda kilomita 51.596 kwa saa moja katika uwanja wa Hamar, Norwe, juu ya baiskeli aliyoiunda mwenyewe, ambayo ndani yake aliweka beringi zilizotoka kwenye mashine ya kufulia nguo. Usukani wake aliuleta karibu kabisa na kifua, mikono ikakunjwa chini yake. Wakuu wa mchezo waliupiga marufuku mkao huo mwaka uliofuata.

Obree anapaswa kujulikana katika kila karakana ya jua kali kati ya Kericho na Bomet. Hakuwa na kiwanda. Alikuwa na mwili wake, saa, na swali moja: mikono ikae wapi ili niende kasi? Alijaribu, akapima, akajenga alichokihitaji. Swali la mkulima wa Kabianga ni tofauti, kwa kuwa yeye hashindani na upepo. Anashindana na mlima, tope na gunia. Jibu lake haliwezi kuwa lile la LeMond wala la Obree. Utaratibu wa kulitafuta, hata hivyo, ni ule ule, na hauhitaji pesa za Ulaya.

Hapa Kenya utaratibu huo una mwalimu wake. David Kinjah wa Mai-a-Ihii, Kikuyu, mwanzilishi wa Safari Simbaz, amelea kwa miaka mingi vijana ambao hujifunza kukarabati baiskeli sambamba na kuziendesha. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na baadaye akashinda Tour de France mara nne, alipitia mikononi mwake akiwa mvulana. Tarehe 9 Julai 2016, katika mashindano hayo, Froome aliwaacha wapinzani kwenye mteremko wa Peyresourde akiwa amekalia bomba la juu la fremu, kidevu karibu na usukani, huku akiendelea kukanyaga pedeli. Mkao huo umepigwa marufuku tangu mwaka 2021, na ni sawa: usiigwe na mtu yeyote anayeshuka kutoka Kericho.

Upana wa usukani nao umekuwa jambo la sheria. Wapanda baiskeli wa kulipwa walianza kutumia sukani nyembamba mno ili kupunguza upepo, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 shirikisho la kimataifa, UCI, limeweka kwamba usukani wa mashindano ya barabarani usipungue sentimita 40. Wanawake wengi wenye mabega madogo walipinga, wakisema wanalazimishwa kushika chuma kinachozidi miili yao. Hoja yao ina uzito hata kijijini. Baiskeli ya kazi hununuliwa moja kwa nyumba nzima, na humtumikia baba, mama na mtoto wa darasa la saba. Usukani ukifungwa kwa kipimo cha baba peke yake, wengine huendesha wakiwa wamejinyoosha, viganja vinauma, na vidole viwili vya mwisho vya mkono vinakufa ganzi kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita kiganjani umebanwa. Kipimo kizuri cha kuanzia ni mabega ya mtu anayeendesha mara nyingi zaidi, na kwa baiskeli ya mzigo kiongezwe upana wa kiganja kila upande. Kimo kinaweza kubadilishwa kwa spana moja endapo shingo ni ya ile aina ya kuingia ndani ya bomba, mradi isiinuliwe kupita alama iliyochorwa juu yake. Alama hiyo imewekwa kwa sababu shingo iliyoinuliwa mno huvunjika, au hulipasua bomba la uma.

Kuhusu kuvunjika, usukani wa alumini usichomelewe. Chuma cha pua au cha kawaida kikipinda huonya kwanza. Alumini iliyochoka, au iliyochomelewa kando ya barabara kwa mashine ya kuchomelea mageti, hukatika ghafla. Ukishaanguka nao ukapinda, ni wa kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kisha kuna ncha. Bomba la usukani lililo wazi, lisilo na kishikio wala kizibo, ni kisu cha mviringo. Madaktari wa watoto wameeleza kwa miaka mingi jinsi mtoto anavyoanguka kwa mwendo mdogo tu, ncha ya usukani ikamwingia tumboni na kujeruhi ini, wengu au kongosho, huku ngozi ikionyesha alama ndogo tu. Kishikio cha raba kikichakaa kisiachwe hivyo hivyo. Kizibo cha mbao kilichochongwa vizuri na kugongwa kikaze ni bora kuliko uwazi, na hakuna kisingizio cha bei.

Kazi hii yote inawahitaji mafundi, na mafundi wanahitaji kufunzwa. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Kericho na Bomet zina uwezo wa kuongeza somo la baiskeli kando ya yale ya pikipiki na uchomeleaji: vipimo vya bomba, aina za breki, urefu wa waya, mkao wa mwili. Somo hilo halihitaji mashine kubwa. Linahitaji kipima unene, sanduku la waya mpya, magurudumu machache ya mfano, na mwalimu aliyewahi kushuka mlima akiwa na mzigo. Idara za uhandisi na za afya katika vyuo vikuu zingeweza kusaidia kupima uchovu wa mabega na viganja vya wabeba maziwa. Mada hiyo iko barabarani nje ya lango la Chuo Kikuu cha Kabianga kila asubuhi.

Wapo watakaosema pikipiki imekwisha kushinda na baiskeli ni mambo ya jana. Pikipiki imeshinda pale penye pesa ya mafuta. Penye kilo chache za majani, mtungi mmoja wa maziwa, au mtoto anayekwenda shule ya kutwa, hesabu bado ni ya baiskeli, na itabaki hivyo maadamu bei ya petroli inaamuliwa mbali na Kabianga. Watu hao hawapaswi kuendelea kupewa chombo cha tambarare na kuambiwa wavumilie.

Anayetaka kuanza na aanze hivi. Apeleke baiskeli kwa fundi akiwa na mzigo wake wa kawaida, si mikono mitupu. Apimwe mabega akiwa amesimama, kisha aketi juu ya kiti na gunia likiwa mahali pake. Usukani ufungwe, breki zote mbili zibadilishwe au zirekebishwe, waya ziwe ndefu kiasi kwamba usukani ukigeuzwa hadi mwisho kulia na kushoto breki haijivuti yenyewe. Fundi ashike gurudumu la mbele katikati ya miguu yake na kuuzungusha usukani kwa nguvu. Ukicheza hata kidogo, boliti zikazwe upya. Baada ya siku chache za matumizi arudi zikazwe tena, kwa sababu usukani mpya hulegea unapokaa mahali pake.